Mama Chapa na Herufi Zilizoanikwa Kambani

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, wifi. Mashine yangu umeipeleka wapi?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Mashine gani? Ile ilikuwa maiti, wifi yangu. Tangu izimike inanuka waya ulioungua, nikaona bora nimtoe marehemu nje."

"Nje wapi?"

"Nyuma ya jiko."

Mama Chapa hakungoja nyongeza. Aliruka kiti, akaruka ndoo, akapita jikoni kwa kasi iliyofanya vifuniko vya sufuria vigongane, na alipofika uani akakuta sanduku la kompyuta yake ya zamani limefunguliwa ubavu. Ndani yake, mahali palipokuwa pamekaa feni, kuku mwekundu wa mama mkwe amejituliza, kayakunja mabawa, anamtazama kama mwenye hati ya nyumba anavyomtazama mpangaji.

Pembeni, juu ya kigoda, mama mkwe mwenyewe alikuwa anachambua maharage.

"Mwache mwanamke mwenzio," akasema bila kuinua kichwa. "Huyu kaingia humo asubuhi na kazi yake tayari inaonekana. Wewe kompyuta mpya unayo wiki nzima. Umetaga nini?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli tupu. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo baada ya chakula cha mchana Mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, angepita kutazama ukurasa mmoja. Ukurasa ukikaa sawa, kitabu chake cha mwisho kingechapwa na Mama Chapa, kama vilivyochapwa vyote vilivyotangulia. Usipokaa sawa, kitabu kingekwenda mjini, kwenye ofisi moja yenye vioo, na wawili hao wangeagana kwa chai. Na mpaka saa hiyo ya asubuhi ukurasa huo ulikuwa na mstari mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa mbovu.

Ili uchungu wake ueleweke, ijulikane kwanza huyu mama alifikaje kwenye herufi za Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi ambayo hakuzaliwa nayo, hakufundishwa, wala hakuwa na ndugu hata wa mbali aliyewahi kuota ndoto ndani yake.

Alipokuwa msichana aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi. Kazi yake ilikuwa kuzirudisha herufi nyumbani kwao. Kitabu kikishachapwa, kurasa zilivunjwa, na vipande vya risasi vikamwagwa mezani kama mchele, naye akavichagua kimoja kimoja na kuviweka kila kimoja kwenye kijumba chake ndani ya sanduku kubwa la mbao. Herufi za kawaida zilikuwa chumba cha mbele. Za Kisanskriti zilikuwa chumba cha nyuma, na vijumba vyake vilikuwa vingi kuliko madirisha ya mji mzima, kwa kuwa herufi za lugha hiyo haziridhiki kukaa peke yake: zinaoana, zinabebana, moja inakatwa nusu ili ijipenyeze ubavuni mwa nyingine, na kila ndoa ya namna hiyo ilitaka chumba chake.

Msimamizi wa chumba cha nyuma alikuwa mtu wa masharubu mapana, mapana kiasi kwamba mlangoni alipita kiubavu. Msichana alipomwuliza ile herufi moja inasomwaje, masharubu yalitikisika.

"Usisome. Panga."

Basi akapanga. Lakini mtu hawezi kupanga wageni asiowajua majina, kwa hiyo aliwapa majina mwenyewe. Iliyokuwa na tumbo kubwa upande mmoja aliiita Mjamzito. Iliyofanana nayo lakini ikakatwa na mstari tumboni ikawa Mjamzito wa Mkanda. Nyingine yenye tumbo upande huu na kitu kinachoning'inia upande wa pili ikawa Mjamzito Mwenye Mkoba. Kulikuwa na Ndoana, na Mguu wa Bata, na Sufuria Iliyotundikwa. Kulikuwa na fimbo yenye kichwa kilichopinda, inayosimama mbele ya herufi kama ya mzee anayevuka barabara, akaiita Mkongojo. Na ile nukta ndogo inayotua juu ya herufi ikawa Nzi. Wote hao walining'inia kwenye mstari mmoja wa juu, kama nguo zilizoanikwa kambani siku ya jua.

Na kwa kuwa herufi za risasi huchongwa kinyume, ili zikigongwa kwenye karatasi zitoke sawa, miaka yote hiyo alizijua kwa upande wa mgongo tu. Siku ya kwanza alipoona ukurasa uliochapwa, alisimama ameshika mdomo. Watu wake wote walikuwa wamegeuka kumsalimia.

Kiwanda kikazeeka, risasi ikayeyushwa, kompyuta zikaingia. Msimamizi, masharubu yakiwa meupe tayari, akamwachia kompyuta moja na fonti moja, ile seti inayozipa herufi sura. Fonti hiyo ilikuwa na ujanja wa kizamani: ukibonyeza kitufe cha J, kompyuta yenyewe iliamini umeandika J, lakini fonti iliifunika hiyo J kwa nguo ya Mjamzito, na machoni pa watu akatokea Mjamzito. Kila kitufe kilikuwa na mtu wake amejificha nyuma. Mama Chapa akajifunza nani kajificha wapi, vidole vikashika, na akili ikapumzika. Akaibeba mashine mpaka nyumbani kwa mumewe, Fundi Cherehani, wakakigawa chumba cha mbele kwa pazia: huku nguo za watu, huku vitabu vya watu.

Hapo ndipo Mwalimu alipomkuta. Mwalimu alifundisha Kisanskriti kwa wanafunzi ambao hawakuwahi kujaa benchi moja, na alikuwa anatunga vitabu vya kuwasaidia kusoma mashairi ya kale, ya mvua na farasi na wafalme wenye wivu. Aliandika kwa mkono, kwa wino mweusi, na Mama Chapa alinakili herufi kwa herufi bila kujua kama anayepita chini ya vidole vyake ni farasi au mfalme.

Alinakili kwa uaminifu uliopita kipimo. Safari moja nzi halisi, nzi wa mabawa, alitua kwenye karatasi ya Mwalimu na kuacha pale kile ambacho nzi huacha. Mama Chapa akaona nukta juu ya herufi, akaichapa. Mwalimu aliposoma alisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, kisha akacheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai. Mstari ulikuwa umegeuka kitu ambacho hakijawahi kusemwa na kiumbe yeyote tangu dunia iumbwe.

"Usibadilike," alimwambia akiifuta miwani. "Nimewahi kuwapa kazi wanaoijua lugha hii. Wananirekebishia mashairi kwa akili zao, mpaka sijui lipi langu lipi lao. Wewe hata nzi unamheshimu."

Wakakaa hivyo, na vitabu vikatoka, na Mama Chapa akiwa na kila kitabu kabatini, kimeegemea kingine, hata kimoja hakuwahi kukisoma. Majirani walimwuliza humo kumeandikwa nini. "Mambo makubwa," alikuwa akijibu, na kwa alivyokaza uso hakuna aliyeuliza zaidi.

Mpaka siku mashine ilipokufa. Iliondoka kwa heshima zake: ilitoa moshi mwembamba, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, ikazimika. Jirani wa kushoto alikuja na ndoo ya maji. Jirani wa kulia, ambaye alisikia mlio lakini hakuona moshi, alikuja kutoa pole ya msiba. Fonti nayo ilikwenda na mwenyewe, maana ilikuwa ya kizamani mno, na kompyuta za siku hizi zilipoonyeshwa diski yake hazikuona hata pa kuichomeka.

Na Mwalimu akaja wiki hiyohiyo na habari zake mbaya. Wachapaji wamekataa mafaili ya namna ile ya zamani, alisema. Kwenye mashine zao ile nguo inadondoka, na chini yake wanakuta majei, mikato na alama za asilimia, kurasa kwa kurasa, kama paka kakimbizana na panya juu ya kibodi. Wanataka herufi za kisasa, zile ambazo kila kompyuta inamtambua Mjamzito kuwa ni Mjamzito hata akiwa hana nguo.

"Kuna ofisi mjini wanaweza," alisema Mwalimu, na hakuonekana mwenye furaha. "Wanajua lugha, wana mashine. Sitaki kwenda kwao, unajua sababu. Lakini hiki ndicho kitabu changu cha mwisho, na macho yangu hayaningoji. Nakuachia ukurasa huu mmoja. Alhamisi nitapita nione. Ukikaa sawa, kazi ni yako."

Akaondoka. Mama Chapa akakaa kwenye kiti akiutazama ule ukurasa mpaka Fundi akazima cherehani ili asikie kama mkewe anapumua.

Aliyeokoa jahazi, au aliyejaribu, ni wifi yake, dada wa Fundi, aliyefanya kazi kwenye duka la kompyuta. Ndiye aliyeleta mashine mpya, nyembamba kama sinia. Ndiye pia aliyeleta waifai ndani ya nyumba, na mama mkwe akasema ni haki yake, kwa kuwa kitu chenyewe kimeandikwa "wifi" ubavuni. Akaweka programu ya kuandikia Kisanskriti, akavuta kiti.

"Rahisi kuliko kumenya kitunguu. Unaandika sauti kwa herufi za kawaida, programu inakugeuzia. Haya, andika 'ka'."

"Ka ndiyo nani?"

"Ka! Hii hapa." Wifi akaonyesha kwa kidole. "Hii."

"Huyo ni Mjamzito Mwenye Mkoba."

Wifi akashusha kidole. "Wifi, umechapa vitabu kabati zima. Huzijui sauti zake?"

"Hawajawahi kunisemesha."

Wiki ikapita hivyo, Mama Chapa akiokota herufi moja moja kutoka kwenye orodha ya picha. Wifi alimwandikia sauti kwenye vikaratasi akavibandika kila mahali, hata kwenye mlango wa choo, na Mama Chapa akavibandua kimoja kimoja. Hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa na hoja.

"Nikizijua sauti nitaanza kusoma," alisema. "Nikisoma nitaelewa. Nikielewa nitaanza kumrekebishia Mwalimu, kama wale wengine."

"Huo uvivu umevaa suti," alijibu wifi.

Basi asubuhi ile ya Alhamisi Mama Chapa alirudi kutoka uani bila mashine yake, maana nani anayemtoa kuku anayetaga, na ugomvi ukaendelea palepale ulipoachwa.

"Ungeniuliza kabla ya kunitolea vitu vyangu."

"Ungeniambia hapana."

"Ndiyo maana ya kuuliza!"

"Vidole vyako vimezeeka na ile mashine, wifi. Badilika. Kila mtu kabadilika."

"Vidole vyangu vina kosa gani? Vinajua kila mtu anakaa wapi. Wewe ndiye umeniletea mtaa mpya, nyumba hazina milango!"

Nyuma ya pazia cherehani ilisimama. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alizoea kuyasema akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo watu walimsikiliza kwa woga.

"Mimi," alisema, "akija mteja bega moja liko juu, moja liko chini, sikati bega. Nakata koti."

Kisha cherehani ikaendelea kama haikusema kitu.

Wifi aligeuka taratibu akaitazama kompyuta, akamtazama Mama Chapa, akajipiga kofi la paji la uso lililosikika mpaka uani.

"Ipo!" alisema. "Ipo programu ya kujitengenezea kibodi. Unapanga mwenyewe, herufi gani ikae kitufe gani. Herufi ni zilezile za kisasa, ila mtaa unakuwa wako."

"Na wiki nzima mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Nitaulizaje kitu nisichojua kama kipo?"

"Na mimi nitakumbukaje, nawe unanipigia kelele?"

Hata hivyo walikuwa wameshakaa, kiti kwa kiti, bega kwa bega. Kwenye kioo ikatokea picha ya kibodi tupu, vitufe vyote vyeupe kama nyumba ambazo hazijapata wapangaji. Pembeni kulikuwa na herufi zote za Kisanskriti zimejipanga, zinangoja kuitwa.

"Mjamzito," alisema Mama Chapa akiwa amefumba macho, vidole vikichezacheza hewani. "Jei."

Wifi akamvuta Mjamzito mpaka kwenye J, akamwachia. Akakaa.

"Mjamzito wa Mkanda, nyumba ya kushoto yake. Hao ni ndugu, hawakai mbali. Ndoana, juu kushoto. Sufuria... Sufuria iko pembeni kabisa, mwisho kulia. Sijawahi kupapenda pale, kidole cha mwisho kinapata taabu."

"Basi tumhamishe! Mtaa ni wako."

Mama Chapa alifumbua macho. Wazo hilo halikuwahi kumjia. Miaka yote kidole chake cha mwisho kilikuwa kinasafiri kwenda kwa Sufuria kama mtu anayefuata maji kilimani.

"Mlete hapa karibu," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye K."

Mama mkwe aliingia na ungo wake wa maharage, akasimama nyuma yao. Alichungulia.

"Huyu aliyeinama hivi, goti mbele, kiuno nyuma, nani?"

"Huyo bado sijampa jina zuri, mama. Namwita Yule wa Pembeni."

"Huyo ni marehemu baba yenu," alisema mama mkwe, "akitoroka kuosha vyombo. Tazama mguu ule! Mwekeni mahali ambapo nitamwona."

Wakamweka kwenye B, wakacheka mpaka wifi akashika mbavu, na Fundi nyuma ya pazia akatema pini kwa usalama wake. Kazi ilikwenda hivyo, yule asiyejua sauti akimwelekeza yule asiyejua sura, mpaka kila nyumba ikapata mtu.

"Haya, jaribu."

Mama Chapa alivuta ukurasa wa Mwalimu, akaweka mikono. Vidole vilikwenda vyenyewe. Vilikwenda hata cherehani ikaona aibu ikapunguza mwendo. Mstari wa kwanza ulijianika kambani vizuri kabisa, Mjamzito, Mguu wa Bata, Ndoana, na wa pili ukaanza hivyohivyo, mpaka alipofika kwa Mkongojo.

Alibonyeza Mkongojo, kisha herufi yake, kama alivyofanya maisha yake yote. Kwenye kioo Mkongojo ukasimama umekishika kiduara cha nukta nukta, kitupu, kama sahani isiyo na chakula, na herufi ikabaki kando inashangaa.

"Ndiyo hii!" alifoka. "Ndiyo ile nusu mbovu! Kila nikifika hapa inaniletea sahani tupu!"

"Kwa sababu unatanguliza Mkongojo."

"Mkongojo si uko mbele? Tazama hapa kwenye karatasi. Uko mbele!"

"Kwa macho uko mbele. Lakini kompyuta inataka umtangulize mwenye mkongojo."

"Mzee gani anaanza kutembea halafu ndiyo anatafuta mkongojo? Ataanguka!"

"Mtangulize mzee, wifi. Mara moja tu. Niamini."

Mama Chapa alisonya. Alibonyeza J kwa nguvu ya kuvunja kitufe. Mjamzito akatokea. Akabonyeza Mkongojo, akiwa ameshageuza uso asione aibu itakayotokea.

"Tazama."

Akatazama. Mkongojo ulikuwa umemruka Mjamzito na kutua mbele yake, mahali pake hasa, kichwa kimempindia juu kama mwavuli.

"Umeruka," alinong'ona.

"Unajua unapokaa."

Alifuta, akarudia. Ukaruka. Akarudia. Ukaruka tena. Alimwita mama mkwe, akamwonyesha. Akamwita Fundi, akamwonyesha. Angemwita na kuku kama kuku angekuwa na nafasi. Kila ulivyoruka alicheka kama mtoto anayebembea. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na ukaidi wa zamani, na kila alipoacha kufikiri ukaukimbilia Mkongojo kwanza. Aliupiga kofi. Ukasikia kwa muda, ukasahau. Mwishowe Fundi alikuja na kipande cha uzi mwekundu, akaufunga kwenye kidole kinachobonyeza Mkongojo, fundo la kushonea vifungo, akarudi kwenye kazi yake. Kidole kilipoinuka, uzi ulionekana, na mama akakumbuka: mzee kwanza.

Hapo ukurasa ukaanza kujaa. Likabaki jambo la herufi za nusu.

"Vipande vyangu vya nusu umeviweka kitufe gani? Hapa Mwalimu kaoanisha wawili."

"Hakuna vipande. Weka wa kwanza mzima, weka hiki kimkia kidogo, weka wa pili mzima. Wataoana wenyewe."

Akaweka. Hawakuoana. Walisimama wawili, mzima na mzima, na kimkia kinaning'inia chini ya wa kwanza kama cha panya aliyebanwa na mlango.

"Hii ndoa au ugomvi?" aliuliza mama mkwe.

"Hiyo ni fonti," alisema wifi, na sasa hata yeye alikuwa anatoka jasho, maana jua lilikuwa limeshafika juu ya paa. "Hii iliyokuja na mashine haizijui ndoa zote za Kisanskriti. Inazijua zile za kawaida tu. Ngoja."

Alishusha fonti nyingine. Herufi zikawa nyembamba, zimekonda kama zimetoka hospitali. Mama Chapa akasema hapana, Mwalimu atalia. Akaleta ya pili. Nene mno, matumbo yanagusana, kamba ya juu inataka kukatika. Akaleta ya tatu, na hiyo ilipoingia wote wakasogelea kioo. Wa kwanza alijikata nusu kwa adabu, akamsogelea mwenzake, wakashikana ubavu kwa ubavu, kimkia kikapotea. Mstari wote ukawa hivyo, na mstari wa chini yake, na wa chini yake. Zilikuwa sura zilezile za chumba cha nyuma cha kiwanda, matumbo yaleyale, mabega yaleyale, ila hazikunuka risasi.

Mama Chapa alipitisha kidole cha uzi mwekundu hewani, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kama anapanga.

Walichapa. Printa ilikohoa, ikavuta karatasi, ikaitema. Chakula cha mchana kililiwa kwa kusimama, mkate mkononi, kwa kuwa ukaguzi ulikuwa haujafanyika. Mama Chapa alishika ukurasa wa mkono wa Mwalimu, wifi akashika uliochapwa, wakaanza.

"Mjamzito Mwenye Mkoba."

"Yupo na mkoba wake."

"Ana Mkongojo."

"Anao. Mbele."

"Mguu wa Bata, halafu wawili waliooana."

"Wamependeza."

"Nzi."

"Yupo."

"Ngoja." Mama Chapa aliinua karatasi ya Mwalimu kwenye mwanga wa dirisha, akaikwaruza ile nukta kwa ukucha. Haikutoka. "Ni wa wino. Endelea."

Waliendelea mpaka mstari wa mwisho. Hakukuwa na aliyekosekana. Wifi aliweka karatasi mezani, akanyoosha mgongo ukalia kama mlango.

"Umeona? Kumbe si vidole. Ila kichwa chako, wifi yangu, hicho ndicho cha risasi."

"Na chako cha waya. Toa vikombe mezani, visije vikaweka alama."

"Hutaki kufurahi kidogo?"

"Nitafurahi akishaona." Alikuwa anaunyoosha ukurasa kwa kiganja, ingawa ulikuwa umeshanyooka. "Na akisema macho yake hayajaipenda hii fonti? Na kama wale wa mjini wameshamwonyesha yao? Wana vioo mpaka kwenye ngazi."

"Vioo vinachapa?"

"Mwambieni nimelala."

"Umelala mchana huu, na uzi kidoleni?" alidakia mama mkwe. "Atadhani tumekushona."

"Basi wewe wifi ndiye utakayempa. Mashine umeileta wewe, fonti umetafuta wewe."

"Thubutu! Mimi nilijua hata Sufuria anakaa wapi? Utampa mwenyewe, kwa mikono miwili, na utamwambia kazi hii ni yako na haiendi popote."

"Siwezi kumwambia mtu mzima hivyo."

"Utamwambia nini?"

Mama Chapa alishika kiuno. Alivuta pumzi, akamtazama wifi yake, akamtazama mama mkwe, akatazama pazia ambalo nyuma yake cherehani ilikuwa imenyamaza ili isikilize.

"Nitamwambia, Mwalimu, mimi na wewe tumetoka mbali. Nitamwambia, ukitaka kwenda kwenye vioo nenda, sikushiki mkono. Lakini ujue ya kwamba huko hakuna mtu hata mmoja ambaye—"

Mlango ulisukumwa kwa bega. Mwalimu aliingia kinyumenyume, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia marundo ya karatasi yaliyomfika kidevuni, kitabu kizima, kuanzia ukurasa wa pili mpaka wa mwisho, na jasho lilikuwa limemfika kwenye miwani.

"Mnisamehe, hodi sikuweza kupiga," alisema akihema. "Niziweke wapi hizi, mwanangu, kabla mgongo haujakatika?"